Siku Mama Alipolihama Ziwa

Miaka ile ya kwanza ya Uhuru ziwa lilipanda, likatufuata Karungu hadi nyumbani. Lilimeza shamba la mtama, likameza zizi, likafika ukutani mwa nyumba ya mama. Majirani walihamia mlimani mmoja mmoja. Tulibaki sisi wawili, mama na mimi bintiye, na kaburi la baba uani.

Ndipo akaja bwana mmoja mtafiti kutoka Nairobi, akiuliza watu wa ufuoni wanaishije na mafuriko. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kitamu, lakini Kijaluo hakujua hata salamu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisheni, kwa hiyo nikawa mkalimani wake.

"Mama, mbona hamhami?" aliuliza.

"Nihamishwe na nani?" mama akajibu.

Basi bwana akafurahi, akadhani amepata dawa. Akasema kesho ataleta vijana wenye nguvu na mkokoteni. Nilicheka mpaka mama akanifinya. Vijana wa nini? Kwetu mjane hafungui boma jipya peke yake, hata umpe lori. Sharti mwanamume wa ukoo wa mumewe atangulie na jogoo na shoka, mjane afuate na moto. Baba aliacha ndugu mmoja tu, naye alikuwa akichuma chai huko Kericho, hana habari. Nilimweleza bwana yote hayo kwa ukali, kwa sababu niliogopa. Nilijua ukuta ule ukianguka utamkuta mama ndani.

Hakubisha. Aliuliza tu jina la baba mdogo na shamba analofanyia kazi, akaaga. Nikajisemea, haya, naye kaenda zake kama wenzake. Walishatuuliza wengi, na hakuna aliyerudi.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki chache baadaye baba mdogo alitokea njiani, jogoo kwapani, amechoka hoi. Yule bwana alikuwa amezunguka kambi za wachuma chai mpaka akampata, akamlipia nauli.

"Shemeji, si ungenitumia mtu?" baba mdogo alimwambia mama.

"Ningemtuma nani, huyu msichana?"

Wakacheka wote wawili, kisha mama akalia. Kabla hatujaondoka alichota udongo wa kaburini akautia kwenye kibuyu. Tukapanda kilima, baba mdogo mbele, na kibanda kikasimama siku hiyohiyo kama mila inavyotaka.

Asubuhi jua lilikuwa limeshawaka na mama hajaamka. Miezi yote ile alikuwa akilala ameketi, kiganja sakafuni, akisikilizia maji. Majirani walipokuja kutupa pole na hongera niliwazuia mlangoni, nikawaomba wasiseme kwa sauti. Mama alikuwa amelala chali, amenyoosha miguu, akikoroma.