Nyumba Iliyoandikwa Jina la Mjomba

Amri ya mahakama ilibandikwa mlangoni kwetu, hapa Kismayu, na mama hakutaka nimsomee mbele ya majirani. Tulipoingia ndani nilimfafanulia polepole. Mjomba, kaka yake, alishitakiwa kwa kuuza shehena ya mfanyabiashara aliyemwamini bandarini, kisha akatoroka. Mahakama ikishindwa kumpata mtu, hushika mali yake ili arudi. Asiporudi, mali inauzwa, aliyedhulumiwa afidiwe. Sasa ilikuwa imeshika boti ya mjomba na nyumba yetu hii.

"Lakini anayesema mali si ya mtoro ana wiki mbili za kupinga," nilimwambia. "Usikate tamaa, mama."

"Nipinge vipi, na hati ina jina lake?"

Hapo ndipo palipouma. Kwetu binti akiolewa babake humpa nyumba. Hutamkwa mbele ya watu, haiandikwi. Hati zilipoanza kutolewa, mama alimtuma kaka yake kwa kuwa alizoeana na maafisa. Akaandikisha jina lake mwenyewe. Mama hakuona ubaya. Kaka ni kaka.

"Njia ya ofisi aliijua," alisema. "Ya mahakama ndiyo imempotea!"

Tulihitaji shahidi. Waliohudhuria harusi ya mama wamekufa au wako Mombasa. Alibaki somo yake, bibi aliyemfunda alipokuwa mwari. Naye ndiye mama mzazi wa yule mfanyabiashara. Tulipomwendea alitupa kahawa, akatusikiliza, hakuahidi kitu.

Siku ya kesi kiti cha shahidi kilikaa kitupu. Hakimu alikuwa ameshashika kalamu bibi alipoingia na mkongojo wake. Alimpita mwanawe bila kumtazama, akaapa.

"Mimi ndiye niliyemwingiza bibi harusi katika nyumba ile," alisema. "Babake alinambia, mfunde kuitunza, nimempa yeye."

"Unajua kwamba nyumba hii ikitoka katika amri, mwanao huenda asipate fidia?" hakimu akamwuliza.

Mama alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

"Najua. Namdai mchu aliyemuibia mwanangu, si huyu," bibi alijibu kwa lahaja ya kwetu.

Hakimu aliiondoa nyumba katika amri yake. Boti ya mjomba ikabaki imeshikwa.

Nje, yule mfanyabiashara alipanda bajaji peke yake, akamwacha mamake amesimama juani. Mama akamkimbilia bibi.

"Somo, twende kwangu ukapumzike."

"La, mwanangu. Leo nakwenda kwake." Alijifunga buibui vizuri. "Akinifukuza, nitakuja."