Nilivyomponza jirani mjane kwa neno "subtropical", kijijini kwetu Mautuma

Wakuu, salamu kwenu. Hii nimekaa nayo miaka mingi, na sitaongeza chumvi hata punje.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimaliza Form Four na A ya Geography. Pale kijijini nikawa profesa. Kichwa kilivimba, aisee.

Siku moja baba akarudi na miche ya lichi, yale matunda madogo mekundu yenye nyama nyeupe. Lebo ilisema subtropical. Akaniuliza maana yake. Bila kufungua kitabu nikamjibu, "Ni sehemu za joto zenye kabaridi, kama hapa kwetu. Itazaa tu."

Basi mzee akatoa nusu eka iliyokuwa ya mahindi, akapanda lichi. Na mnajua kwetu Lugari mahindi ndiyo chakula na ndiyo pesa.

Jirani yetu Mama Nafula, mjane mwenye watoto wanne, alipoona hivyo na kusikia nilivyosema, naye akapanda. Yeye shamba lake lote lilikuwa hiyo nusu eka.

Miti ilinawiri ajabu. Majani tele. Maua? Sifuri. Mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, hakuna kitu.

Wakati huo niko chuo cha ualimu. Mwalimu akachora mistari ubaoni. Subtropical, akasema, ni nchi zilizo nje kidogo ya Tropiki ya Kansa na ya Kaprikoni. Zina winter, hata kama si kali. Sisi tuko karibu na ikweta kabisa. Ubaridi wetu ni wa mwinuko.

Nikakimbia maktaba. Lichi inahitaji miezi ya baridi ndipo itoe maua!



Wikendi hiyo nikaenda kumwambia baba.

"Sasa hii miti inangojanga nini?"

"Winter, baba."

"Na inakujanga lini hapa?"

"Haiji."

 Akasema, "Enda umwambie Mama Nafula. Mimi siwezi."

Nilimkuta akiweka samadi kwenye mashina. Nikaeleza yote. Akasimama, akafuta mikono kwa leso.

"Miaka tano nimenunuanga unga dukani, mwanangu. Kwani hata kitabu haukuangalia?"

 

Funzo: ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Kuna mtu atapanda shamba lake lote juu ya neno lako.

Nani mwingine hapa amewahi kuponza watu kwa ujuaji? Nipigeni mawe pia, nimestahili.