Salamu ya Marehemu Kwenye Kompyuta ya Zamani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, pale nyumbani kwetu Lindi mjini, nimesimama mbele ya kompyuta, kidole kimegusa kitufe cha kuiwashia, nami nasita kukibonyeza. Umeniuliza kama uibadilishe mfumo hiyo kompyuta yako iliyozeeka au uiache ilivyo. Jibu la mkato sina. Kaa nikusimulie yaliyonikuta, huenda ukalipata humo.

Mume wangu Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika kiwanda cha kubangua korosho. Ulipofika wakati wa mali za umma kuuzwa kwa watu binafsi, kiwanda kilifungwa, na wafanyakazi wakagawiwa vilivyobaki ofisini. Wenzake walichukua mafeni na makabati. Yeye alirudi na kompyuta na printa yake, kavilaza juu ya godoro kwenye mkokoteni, anausukuma polepole kama aliyebeba mgonjwa. Majirani walikuja kuitazama kama watu wanavyomtazama bibi harusi. Akanifundisha kuchapa. Nikawa nachapa mitihani ya shule, kadi za harusi, barua za kuombea kazi. Kazi yake ilikwisha, yangu ikaanza.

Athumani alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja aliazima maikrofoni, akajirekodi, akaipanga kompyuta itoe sauti yake kila inapowaka, badala ya ule mlio iliyokuja nao. Basi ukiiwasha, inasema: "Karibu, mama Rehema. Umekunywa chai?" Kisha kinasikika kicheko kidogo, maana alishindwa kujizuia. Nami nilizoea kumjibu kutoka jikoni, kana kwamba ni yeye kaniita.

Masika yaliyofuata aliugua kifua, na hakuinuka tena. Muda wote wa eda sikuigusa kompyuta. Nilipotoka eda nikaondoa kitambaa nilichokuwa nimeifunika, nikaiwasha, ikaniuliza kama nimekunywa chai. Mwanangu, siwezi kukueleza. Tangu siku hiyo nikawa naiwasha hata kama sina la kuchapa.

Lakini dunia haimngoji aliyefiwa. Walimu wakaanza kuniletea kazi kwenye disketi, zimeandikwa kwenye kompyuta mpya, na yangu haikuweza kuzifungua. Mmoja mmoja wakahamia kwenye duka jipya karibu na soko. Kaka yangu Hamisi akaja kutoka Dar na sidii ya mfumo mpya, ule unaoiamsha kompyuta na kuongoza kila kilichomo. Akaniambia mfumo wa zamani hakuna anayeutumia tena, kwamba nimpe asubuhi moja tu, atafuta vyote na kuanza upya. Kipya kinyemi, wahenga walisema, na Hamisi alikuwa anang'aa kwa hamu. Nikamwambia angoje. Aliniuliza nangoja nini, nikaenda kumtilia chai. Hakuwa ameisikia ile salamu, nami niliona haya kusema kwamba naogopa kufutiwa sauti.

Katika siku hizo hizo akaja mama mkwe wangu kutoka Kiranjeranje, na kikapu cha mihogo mikavu na korosho za kuchoma. Alikuwa mkulima, mwanamke wa maneno machache. Naye salamu ile hajapata kuisikia. Nilikusudia nisiiwashe akiwapo. Lakini asubuhi ile niliyokuambia, mwalimu mmoja alikuwa ameacha disketi ya mtihani wa haraka nijaribu kuifungua, na mama yuko palepale anachagua mchele kwenye ungo. Nikasita, kisha nikabonyeza.

Sauti ya mwanawe ikatoka, na kicheko chake.

Mkono wa mama ukasimama juu ya mchele. Akasema kitu kwa Kimachinga, lugha aliyoirudia moyo wake ukiwa mzito tu, kisha akaniomba kwa Kiswahili niiwashe tena. Nikaizima, nikaiwasha. Akaomba tena. Halafu akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akauliza ile sidii iliyolala juu ya kompyuta ni ya nini. Nikamweleza yote. Nilijua atanikataza kabisa, na kusema kweli ndicho nilichokuwa nakitaka.

Hakunikataza. Akanitazama sana, akasema:

"Mwanangu alikuachia kazi, wewe umemfanya bawabu. Watu wanakuja mlangoni, wanarudi, naye anakuuliza chai tu."

Nikainamisha kichwa. Maneno yalinichoma, lakini yalitoka kwa mama aliyemzaa. Kisha akalainisha sauti. "Mtu akihama nyumba, huibomoa kwanza, au huhamisha kwanza vilivyomo?"

"Huhamisha vilivyomo, mama."

"Basi tafuta anayejua kuhamisha."

Tukamwita fundi Joakimu, Mmakonde aliyekuwa akitengeneza redio na kompyuta pale mjini. Yeye hakuidaka sidii. Aliniuliza kwanza ni kazi gani hasa inayonishinda kwa mfumo nilio nao. Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akatazama ndani. Akatuambia kwamba kumbukumbu yake, yaani nafasi mashine inayofanyia kazi, ni ndogo, mfumo mpya utaingia lakini utatambaa kama mtu mwenye mzigo mlimani, heri kwanza aiongezee. Akataka pia kuhakikisha kwamba mfumo huo utaielewa printa yetu kuukuu, maana mchapaji asiye na printa ana nini? Hamisi alinuna kidogo kwa kucheleweshwa, kisha akaenda naye kuitafuta hiyo kumbukumbu.

Halafu Joakimu akaisaka salamu ya Athumani, akainakili kwenye disketi kadhaa, akaenda kuzifungua moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya dukani kwake. Alisema nakala usiyoisikiliza bado si nakala. Disketi moja mama aliiomba. Nilimkumbusha kwamba kwake hakuna umeme wala kompyuta. "Nikitaka kumsikia nitakuja kwako," alisema. "Hii ikae kwangu tu." Akaifunga kwenye leso, akaitia kikapuni.

Wakabadilisha mfumo. Kompyuta ilipowaka ilipiga muziki wa kigeni, mtamu. Joakimu akauliza kwa upole kama airudishe salamu pale mwanzoni, kwani inawezekana. Nilimtazama mama. Naye akautazama mlango, akaniachia mwenyewe. Nikasema hapana, iwekwe ndani, mahali pake, nitakapokwenda kwa kutaka.

Mtihani wa mwalimu ulifunguka siku hiyohiyo, na printa ikaimba. Wateja walirudi, na kwa kazi ile Rehema, binti yetu, alisoma. Lakini nisikudanganye, mwanangu. Asubuhi nyingi nilijikuta jikoni nimetega sikio, kisha ule muziki unapita, na chai inakuwa chungu. Ijumaa, baada ya dua, ndipo nilipokuwa nikimfungua nikamsikia. Mpaka leo nahama naye kila ninapobadilisha chombo.

Mama mkwe alipofariki tuliikuta ile disketi kwenye sanduku lake, bado imo katika leso. Wakati huo hapakuwa tena na kompyuta yenye mlango wa disketi. Ingekuwa ndiyo pekee, tungebaki na kipande cha plastiki.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiache mbachao kwa msala upitao: kama cha zamani kinafanya kazi yako na kiko salama, mwenye haraka asikuone mjinga. Lakini kikianza kukufungia riziki, au kikawa hakilindwi tena na waliokitengeneza, usikishikilie kwa huzuni ukaiita busara. Uliza kwanza kama chombo kitaubeba mzigo mpya. Vya thamani vinakili, ukavifungue uone kweli vimo, na kila zama ikibadilika uvihamishe tena, maana maji yakimwagika hayazoleki. Na ukishaamua, kubali kwamba kuna kitu utakikosa. Kukikosa hakumaanishi ulikosea.

Mungu akufungulie milango ya kheri, mwanangu. Akupe kipya chenye manufaa na akuhifadhie cha kale unachokipenda, na unaowasikia leo wakikuita uendelee kuwasikia umri mrefu. Amina.