Rori, Loli, Lori

Nilipoanza kazi yangu ya kwanza ya kuandika programu pale Hurlingham, nilipewa dawati, kikombe chenye ufa na miezi mitatu ya majaribio. Bosi wetu, mama wa Mombasa anayesema Kiswahili kilichonyooka mpaka unajikuta umekaa vizuri kitini, alinieleza siku ya kwanza bila kuzungukazunguka: miezi ikiisha atanitazama, akiona nafaa ataniandika, akiona sifai tutaagana kwa heri. Nyumbani Waithaka, mama yangu alikuwa ameshikilia swali moja tu. Kila jioni, hata sijavua viatu: "Wamekuandika?" Namjibu bado, Mum. Anasema Mungu yupo, kisha ananipakulia githeri ya mahindi na maharagwe kwa huzuni, sahani kubwa kuliko njaa yangu.

Mwezi wa tatu tulikuwa tukiwatengenezea programu wafanyabiashara wa nyama wa Dagoretti. Nyama ikitoka machinjioni asubuhi hupakiwa kwenye lori, na dereva hupewa karatasi inayosema bucha gani inapata mapaja mangapi. Karatasi hizo huloa, hupeperuka, na siku ya mvua dereva huzipangusia kioo. Tukasema basi, orodha iingie kwenye simu. Dereva atumiwe ukurasa wa mtandao wenye kitufe kikubwa chekundu, abonyeze, na programu yetu ifunguke yenyewe ikiwa na safari yake ya siku hiyo.

Hapo pa kufunguka yenyewe ndipo palikuwa kazi yangu. Kiungo cha kawaida huanza na https, na simu inajua hicho ni cha kivinjari. Lakini unaweza kubuni neno lako mwenyewe likawa mwanzo wa kiungo, kisha programu yako ikaiambia simu: atakayekuja akitaja neno hili, mlete kwangu. Ni kama soja wa geti kwenye magorofa ya Hurlingham. Hajali umevaa nini. Anataka jina la mtu unayemtembelea, na jina lisipokuwa kitabuni mwake hupiti, hata kama umebeba keki. Tena simu ni kali kumshinda soja, kwa sababu soja angalau unaweza kumbembeleza.

Mimi nilikuwa wa kuandika neno kwenye kitabu cha soja. Mwenzangu, jamaa wa Machakos tuliyekaa mgongo kwa mgongo, alikuwa wa kuandika neno hilohilo kwenye kitufe. Lilibaki neno lenyewe, na hilo tulikubaliana saa saba mchana, kibandani nyuma ya ofisi, mbele ya chapati na madondo, yale maharagwe mazito.

"Tuiite rori," nikasema. "Ni fupi, na kila mtu anaijua."

"Loli," akasema huku akitafuna na kutikisa kichwa. "Hiyo ni poa sana."

Tukapeana mikono. Sasa, kwa asiyetujua: mimi ni Mkikuyu wa Waithaka, na ulimi wangu na herufi l hawajawahi kusalimiana vizuri. Yeye ni Mkamba, na r kwake ni mgeni anayepita tu barabarani. Tulikuwa tumetaniana kwa hilo tangu wiki ya kwanza. Yeye akiniiga kwa kuniuliza kama jana niririara vizuri, mimi nikimwambia apunguze halaka. Lakini masikio yalikuwa yamezoeana kupita kiasi. Akisema loli, mimi nasikia gari kubwa la mizigo. Nikisema rori, yeye naye anaona gari lilelile. Tukarudi ofisini tumeshiba na tumeridhika, na kila mmoja akaandika alichosema mdomo wake.

Jumatatu nikabonyeza kitufe chekundu. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikatengeneza kiungo changu mwenyewe cha kujaribia, nikakigusa, na programu ikaruka wazi kwa furaha. Kwa hiyo kosa ni la mwenzangu. Nikamgeukia nikamwambia, na sikumwambia kwa upole, kwa kuwa mimi nina hasira za karibu.

"Kwangu iko sawa kabisa," akasema. "Kitufe kinatuma vile niliandika. Angalia helufi zako."

"Mimi herufi zangu niko na uhakika nazo!"

Nyani haoni kundule, na pale palikuwa na nyani wawili. Jumanne tukaamua kukagua kitaalamu, kila mtu asome cha kwake kwa sauti.

"Soma yako."

"Loli, koloni, slashi, slashi, safali."

"Haya. Sasa yangu. Rori, koloni, slashi, slashi, safari."

"Basi ni simu imechizi."

Tukailaumu simu. Nikafuta programu nikaiweka upya. Nikaazima simu ya mhasibu, nikaazima ya mpokea wageni, nikazizima na kuziwasha mpaka wenyewe wakaanza kuzificha. Jumatano nilisimama nyuma ya mwenzangu nikachungulia skrini yake kwa robo saa nzima. Nilikagua mabano, nafasi, rangi ya kitufe, nilikagua kila kitu isipokuwa neno lenyewe, kwa maana neno tulishakubaliana.

Alhamisi bosi akatuita. Kesho saa nne, akasema, mteja mwenyewe anakuja kutoka Dagoretti kuona kazi. Halafu akanitazama mimi peke yangu. "Na kesho ndiyo siku yako ya mwisho ya majaribio, mwanangu. Kiungo kikifunguka mbele ya mteja, nakuandika papo hapo. Kisipofunguka, usinilaumu."

Jioni hiyo Mum aliuliza swali lake. "Kesho," nikamwambia. Akaongeza nusu ya avokado kwenye sahani.

Mteja alifika saa nne kasoro, mama mnene mwenye kilemba na sweta mbili, akiwa na gambuti zake za mpira za sokoni juu ya zulia letu la kijivu. Alikuwa akiuza nyama tangu mimi sijazaliwa, na alitusalimu sote kwa mkono, hata mtu wa kuosha vikombe. Programu nilikuwa nimeshamwekea kwenye simu. Nikampa ukurasa wenye kitufe, nikasimama kando, nikiomba muujiza.

Akabonyeza. Kimya.

Bosi akanitazama. Niliogopa, nakiri, niliogopa mpaka masikio yakawasha. Nilishajiona niko mezani Waithaka nikitafuta namna ya kusema "hapana, Mum".

"Labda haijasikia," akasema yule mama, akabonyeza mara ya pili. Safari hii alibonyeza kama anayepima paja la ng'ombe kwa kidole gumba, akakandamiza, akashikilia. Sasa simu ina tabia moja: kiungo ukikishikilia hivyo hakifunguki, bali hukuonyesha anwani yake. Anwani ikatokea. Mama akateremsha miwani puani, akaisoma kwa sauti.

"Loli." Akainua macho. "Hii loli ni ya nani? Sisi hatuna loli. Sisi tuko na rori."

Niligeuka. Mwenzangu naye alikuwa ameshageuka.

"Uliandika loli?"

"Si tulisema loli?"

"Tulisema rori!"

"Ndio! Loli!"

Bosi aliweka kikombe chake mezani polepole. "Wanangu," akasema, "ni lori."

Kicheko kilichonitoka sijui kilikuwa kimekaa wapi wiki nzima. Nilicheka nikashika meza, meza ikasogea. Mwenzangu alikuwa ameinama kwenye magoti yake akisema "uuui, uuui" kama mtu aliyechomwa na uji. Mama wa Dagoretti akaanza kucheka kwa sababu sisi tunacheka, sweta zote mbili zikitikisika, akamuuliza bosi ni nini, na bosi akashindwa kumweleza. Siku nne! Siku nne tulizima na kuwasha simu za watu, na shida ilikuwa ndimi zetu mbili.

"Penye wazee haliharibiki neno," bosi akasema akijifuta macho. "Ila nyinyi mmeliharibu hadi yakawa matatu. Litengenezwe sasa hivi."

Kulitengeneza upande wa kitufe haikuwezekana, kwa kuwa mfanyakazi mwenye nywila ya seva iliyobeba ukurasa ule alikuwa Embu kwenye posa ya dadake, simu yake imezimwa. Ilibaki upande wangu. Bahati nzuri programu moja inaruhusiwa kujibu majina mengi. Mama akamiminiwa chai, nami nikakaa, nikaandika mstari wa loli chini ya ule wa rori. Hiyo ingetosha. Lakini bosi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na kwa heshima ya Mombasa nikaongeza mstari wa tatu: lori. Nikajenga programu upya, nikaiweka kwenye simu ya mama. Kikombe chake kilikuwa bado na chai nusu.

"Bonyeza tena, Mama. Kwa upole tu."

Akagusa. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikatokea orodha: safari ya saba, bucha ya kwanza, mapaja manne.

Yule mama alipiga vigelegele. Si kimoja wala viwili, alipiga vyote vya kumpokea mtoto mchanga, pale pale juu ya zulia, mpaka daktari wa meno wa ghorofa ya chini akatuma mtu kuuliza kama kuna harusi. Mwenzangu alinikumbatia akanikanyaga. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, furaha ya kutaka kumsalimu kila mtu upya.

Bosi alingoja kelele zipungue. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokuwa imeshachapwa, akaishikilia hewani.

"Kabla sijatia sahihi. Aliyekosea ni nani?"

"Mimi," nikasema, na mwenzangu akasema "mimi" wakati uleule.

"Angalau hilo mmelitamka sawasawa," akasema, akatia sahihi.

Nilikimbilia kwenye ngazi nikapiga simu nyumbani. Mum alipokea kwenye mlio wa kwanza, na huko nyumbani kulikuwa na kelele za kuku na redio ya jirani.

"Mum, wameniandika!"

Nikasikia akilia kidogo, na mimi nikaanza, nimekaa kwenye ngazi za Hurlingham na karatasi yangu kifuani.

"Asante Yesu," akasema. "Na ni nini imewafurahisha hivyo?"

"Rori imefunguka, Mum! Mbele ya kila mtu!"

"Rori?" Redio ikazimwa. "Kwani wamekuandika dereva?"

Nilijaribu kumjibu, lakini kicheko kilikuwa kimeshanirudia na machozi hayajaisha. Mum alingoja, akafikiri, akakubali.

"Ni sawa," akasema. "Kazi ni kazi. Endesha polepole, mami."