Uzi Mwekundu wa Kihachi

Mume wangu Kihachi ni mtu wa maneno machache, na mwanamume wa maneno machache usimwamini upesi. Tangu ujana wake anapanda mto Nezawa na ufito wa mwanzi, mshipi wa singa za farasi, na vidudu bandia vya manyoya, vya kumhadaa samaki, anavyovifunga mwenyewe kwenye ndoano kwa vidole vitupu. Samaki wake, iwana wa maji baridi, huwauza nyumba ya wageni kule kwenye chemchemi ya maji moto. Hana aina mbili za kidudu. Manyoya ya kuku mwitu na uzi mweusi wa katani, basi. Samaki mwenye njaa, husema, haulizi nguo.

Sasa mwaka mmoja, theluji ilipoyeyuka, nikaona kofiani mwake kidudu chenye uzi mwekundu. Wa hariri! Nyumbani kwangu hariri sina, ya rangi yoyote. Nikamuuliza kautoa wapi, akasema kauokota. Kauokota? Hariri inaokotwa Nezawa, kwenye matope na mavi ya farasi?

Wanaume wa bonde letu hufunga vidudu vyao kwa uzi wowote walioukuta nyumbani. Ukitaka kujua mtu analala wapi, tazama ndoano zake. Moyo ukaniambia: Otaki, yule mjane anayehudumia wageni, na mkanda wake mwekundu kiunoni.

Nikabeba bakuli la mboga za mlimani zilizotiwa chumvi, nikamwendea. Macho yangu hayakutoka kiunoni mwake.

“Dada, mbona unanikagua kama farasi wa mnadani?” akaniuliza.

Nikausifu mkanda, nikaushika. Pamba tupu, na haujachomolewa hata uzi mmoja. Nikarudi na hasira zaidi, maana sasa huyo mwanamke simjui hata kwa sura.

Kihachi alipokwenda kuoga nikafungua kisanduku chake cha manyoya. Chini kabisa palikuwa na mkono wa kikoti cha mtoto, wa hariri nyekundu, umefumuliwa nusu.

Kilikuwa cha Sayo, binti yetu, aliyechukuliwa na homa kabla hajajua kutembea. Mama yangu ndiye aliyemshonea. Siku ya maziko nilimpa Kihachi nguo zote za mtoto akazichome, kwa kuwa nisingeweza kuziona tena.

Akaingia, nywele zinamdondoka maji, akanikuta nimeushika.

“Sikuweza kukichoma,” akasema. “Huwa naenda naye mtoni.”

Nilidhani nitashusha pumzi. Wapi! Nilichomwa kuliko kama ningemfumania na Otaki.

“Miaka yote hii unaye peke yako? Mimi sikumzaa?”

Akasema aliogopa ningelia.

“Ningelia, ndiyo. Ungeniacha nilie.”

Asubuhi akapanda mto na uzi mweusi. Ule mkono wa kikoti ninao mimi, kifuani, ndani ya nguo, na hajathubutu kuniomba.