Aliyemwosha Sururu

Hina iliyokorogwa kwa maji ya ndimu kavu hunuka kama majani yaliyolowa na kuanza kuoza, na ikitiwa mafuta ya karafuu harufu yake hupanda mpaka ikakuwasha macho. Kwetu Ibra, huko Omani, miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni, harufu hiyo ilikuwa na maana moja: Sururu yumo ndani ya nyumba, na nyumba hiyo ina harusi. Alikuja na bakuli lake la shaba chini ya kwapa, amevaa kanzu ya rangi ya waridi, nywele zimepakwa mafuta na kulazwa nyuma. Alikuwa mwanamume, lakini alikaa upande wa wanawake, na mama zetu hawakuwa na haja ya kujifunika mbele yake. Waliotoka Unguja kama sisi walimwita shoga yetu. Wenyeji walimwita khanithi, wengine kwa dharau, wengine kama mtu anavyotaja kazi ya jirani yake. Alijua nyimbo zote za kumtoa bibi harusi, za Kiswahili na za Kiarabu, na alinifundisha mimi, Raya, mtoto wa miaka kumi, kukunja karatasi iwe bomba la kuchorea hina bila ya kumwaga hata tone.

Alhamisi ile tulikuwa nyumbani kwa bibi harusi tangu adhuhuri. Bwana harusi aliitwa Seif, kijana wa watu wenye maduka, mpole wa sauti, na wanawake walimsifu kwamba hajawahi kuonekana akiinua macho barazani. Sururu alikuwa ametia mkono mzima ndani ya bakuli, anakanda hina, na huku anatuchekesha kwa kumuigiza imamu mmoja mwenye kigugumizi. Mara nikasikia mluzi nje ya ukuta wa shamba la mitende, mfupi, halafu mwengine. Sururu akanyamaza. Akainuka bila ya kunawa, mkono wa kulia umejaa hina mpaka kwenye kifundo. "Nakuja sasa hivi," alituambia, "asinigusie mtu bakuli langu." Tulimngoja. Hina ikaota ganda juu. Jua lilipoanza kushuka, mama mkubwa wa bibi harusi akakasirika na kuanza kupaka mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa watu waliokwenda kufungulia maji mashambani walimkuta kisimani.

Nakumbuka hofu ya siku ile kuwa kitu cha kimya. Hakuna aliyelia kwa sauti. Wanawake waliocheka naye jana walikaa na nguo midomoni wakitazamana, na mimi nilielewa kwamba walikuwa wanaogopa kuonekana wanamlilia. Maiti ililazwa kwenye chumba kimoja karibu na msikiti, ikabaki pale. Wanaume waliozoea kuosha maiti walisema hawawezi kumgusa mtu wa namna ile. Wanawake walisema ni mwanamume, hawaruhusiwi. Joto lilikuwa linapanda. Ndipo mjomba wangu Zahor, ndugu yake mama, aliyekuwa sajini wa polisi, akavua kofia yake, akakunja mikono ya shati, akasema, "Nipeni maji." Rafiki yake Humaid, dereva kutoka mji wa pwani wa Sur, akaingia naye bila ya kuambiwa.

Mjomba Zahor alikuwa hajaoa. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mrefu, msafi kupita kiasi, na kila posa aliyotafutiwa aliikataa kwa adabu mpaka bibi yangu akachoka. Humaid alikuja kwetu karibu kila siku, na kwa kuwa alinisalimia kwa jina na kuniletea halua ya Sur, nilimhesabu kuwa ni mjomba wa pili. Siku za Alhamisi wote wawili hawakuonekana jioni. Walikwenda kwenye nyumba ya udongo ndani ya mashamba, ambayo kwetu iliitwa nyumba ya mitende tu. Mara moja mama alinituma huko na sinia la mikate ya kumimina. Niliwaona wanaume kama saba wamekaa kwenye mkeka, mmoja anapiga udi, Sururu anaimba, na mjomba wangu, ambaye nyumbani hakuwa akitabasamu, amelaza kichwa begani kwa Humaid huku amefumba macho. Niliporudi mama alinishika kidevu. "Wale watu hawana pahala pengine pa kucheka," aliniambia. "Ulichokiona usikiseme, hata kwa baba yako."

Baada ya mazishi mjomba alikuja kwetu, akakaa jikoni na mama. Nilikuwa naosha vikombe.

"Shingoni kwake kuna alama za vidole, dada," alisema. "Huyu hakuteleza."

"Umemwambia mkubwa wako?"

"Nimemwambia. Kasema mtu kama yule ni ajali tu, khalas, yamekwisha. Kasema nisiwasumbue watu wiki ya harusi."

Mama alizima moto kabla chai haijachemka. "Na wewe pia usijisumbue, Zahor. Wataanza kuuliza kwa nini umeshughulika."

Mjomba alinigeukia, akaniuliza Sururu aliondokaje. Nikamwambia habari ya mluzi, na hina mkononi. Alinifanya nirudie ile ya hina. "Haikuwa imekauka?" "Haikuwa, mjomba. Ilikuwa inatona." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayejibiwa jambo alilokwisha kulikisia.

Siku zilizofuata niliogopa kila mwanamume. Niliogopa baba wa rafiki zangu, mwenye duka, muadhini. Nikienda skuli nilipita mbali na kuta za mashamba, na nikisikia mtu akipiga mluzi kumwita mbuzi, nilirudi nyumbani mbio. Watu wa nyumba ya mitende waliacha kwenda. Mmoja wao, fundi cherehani, alifunga duka akasema anaumwa. Kila mmoja wao alijiuliza kama aliyemuua Sururu ni mtu wa nje anayewatafuta, au ni mmoja wao aliyekaa nao kwenye mkeka. Sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Usiku wa hina wa bwana harusi ulisogezwa kwa hofu, ukafanywa alasiri. Mashangazi wa bibi harusi walipeleka sinia la hina kwa akina Seif, na mimi nilibeba mishumaa na maua ya asumini. Seif alikaa kwenye godoro, amevaa kanzu mpya, akanyosha mkono wa kushoto. Shangazi akampaka kiganjani. "Na wa kulia, mwanangu?" Seif akasema umeungua kwenye injini ya gari. Shangazi akacheka, akasema hina ni dawa ya moto, akamshika mkono kwa mzaha kama wanavyofanya kina mama, na mkono wa kanzu ukapanda.

Juu ya kifundo palikuwa na mistari minne ya rangi ya chungwa iliyokolea, imezunguka mkono wake, na upande wa pili doa moja pana. Hapo ndipo palipokaa kidole gumba. Hakukuwa na kuungua. Ilikuwa alama ya mtu aliyemkamata kwa nguvu zake zote, na hina imebaki chini ya kanzu mpaka ikaingia kwenye ngozi.

Shangazi hakuelewa. Alisema, "Ah, wameshatutangulia kukupaka!" na wenzake wakacheka. Seif alishusha kanzu, akatazama huku na huku, macho yake yakanikuta mimi. Nilikuwa nimesimama na mshumaa, na nta ya moto inanidondokea kidoleni, na sikuweza kuuondoa mkono.

"Wewe mtoto wa nani?" aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa.

Niliweka mshumaa chini nikatoka, na nilipofika njiani nikakimbia.

Mjomba alikuwa chumbani kwake na Humaid, wanakunywa kahawa. Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza Humaid aliweka kikombe chini.

"Seif," alisema. "Alikuja nyumba ya mitende mwaka mzima. Aliacha alipochumbiwa."

"Najua," mjomba akasema.

"Basi unajua pia kwamba ukimshika atatutaja. Wallahi atatutaja mmoja mmoja, na wewe wa mwanzo."

"Najua, Humaid."

"Mwache aoe. Mungu atamhukumu."

Mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "Nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa na hina kwenye kiganja bado. Kama mimi nitasema ameteleza, nani atasema kweli juu yake?"

Humaid aliinama akafunika uso. Nilikuwa sijapata kumwona mwanamume mzima akilia. Mjomba alimwekea mkono mgongoni mbele yangu, bila ya kujificha, akamwambia awachukue wale wengine wa nyumba ya mitende kwenye gari lake kabla ya kesho, awapeleke Sur, na kutoka huko kila mtu atafute njia yake. "Na wewe usirudi," alimwambia.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nyumbani kwa akina Seif na mama, wanawake wanakoroga harisi ya ngano na nyama kwenye masufuria makubwa uani. Mjomba aliingia na askari wawili. Wazee waliokaa barazani walisimama kumkaribisha wakidhani amekuja kula. Alimwamkia mzee wa nyumba kwa heshima zote, kisha akamwendea Seif.

"Kunja mkono wa kanzu, Seif."

"Leo ni harusi yangu, ya akhi, ndugu yangu."

"Kunja mkono."

Damu ilimpanda Seif usoni. Akapiga kelele, nyumba nzima ikasikia: "Waambie basi, Zahor! Waambie Alhamisi unakaa wapi, na unakaa na nani!"

Miko ilisimama ndani ya masufuria. Mama alinivutia kwake. Mjomba hakugeuka kututazama. Hakukanusha. Alisema tena, kwa sauti ileile, "Nimekwambia kunja mkono," na Seif alikunja.

Alikiri siku hiyohiyo. Alimwita Sururu amsihi ahame Ibra, asimpambe mke wake. Sururu alicheka, akamwambia atampamba mpaka apendeze, na Seif alisikia kitisho ndani ya kicheko hicho, akamkaba. Kitisho hakikuwamo. Alipelekwa Maskati, akafungwa, na wazazi wake waliishi bila ya kumtaja tena. Mjomba aliondolewa kazini bila ya kupewa sababu. Mlango wetu ulipigwa mawe, na skuli wasichana waliacha kukaa kwenye dawati langu. Baba alitaka mjomba ahame, mama akasema akihama huyu nahama naye. Mwishowe aliondoka mwenyewe, akaenda Nizwa kutengeneza pampu za maji.

Miaka kadhaa baadaye alitupeleka Ashkhara, mimi na mama, safari ndefu ya gari kwenye mchanga. Humaid alikuwa huko anakausha samaki. Alikuwa ameoa, na ana watoto. Walikaa kivulini mwa gari wakazungumza juu ya tairi na barabara, kila mmoja akitazama bahari. Wakati wa kuagana walipeana mkono kwa muda mrefu, mpaka mke wa Humaid akaingia ndani ya nyumba.

Mjomba amekwisha kufariki. Ibra sasa ina chuo, barabara pana na taa, na hina hununuliwa ikiwa imeshatiwa kwenye bomba. Vijana wana simu zinazowaonyesha dunia nzima, na mimi hujiambia kwamba mambo yamebadilika. Mwaka jana mpwa wangu, mhandisi, alikuja kunitembelea na rafiki yake. Walishuka garini, na kabla hawajafika mlangoni yule rafiki alimtoa mpwa wangu uzi begani, taratibu, akaacha mkono pale kidogo. Nilifurahi. Namwambia anayesoma haya kwamba nilifurahi kweli. Lakini nilitazama kwanza barabarani kama kuna jirani, nikaenda kulifunga lango la nje, nikalitia komeo, ndipo nikarudi kuwapa mkono na kuwakaribisha ndani.