Vipele vya Ganza na Dada Yake

Iribagiza alimpeleka binti yake Uwamahoro kwa daktari wa meno, mjini Uvira, kwa sababu ya jino lililomnyima mtoto usingizi. Vile vipele vyekundu vilivyotapakaa puani na mashavuni hakuvitaja. Alikwisha kuviombea kanisani, akavisugua kwa majani, akachoka.

Daktari, kijana mpole aitwaye Frédéric, alilitibu jino, lakini hakumwacha mtoto aondoke. Alivitazama vishimo vidogo kwenye meno yake, akagusa kinyama kilichoota ufizini, kisha akarudi kuutazama uso.

"Mama, hivi si chunusi. Ni vivimbe, lakini si kansa, usiogope. Mtoto anaangukaka kifafa?"

"Huyu hapana. Kaka yake Ganza ndiye aliangukaka. Naye uso wake ulikuwa hivi hivi."

"Ganza iko wapi sasa?"

"Maji ya mto Mulongwe yalimchukua. Alianguka akichota."

Frédéric akaketi. Akaeleza taratibu kwamba vivimbe vya uso, vishimo vya meno na kifafa ni ugonjwa mmoja, mtoto huzaliwa nao.

"Basi hakuna muntu aliyemuroga?"

"Hakuna, mama."

"Na dawa ya kutuliza kifafa, wakati ule ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Iribagiza hakulia pale. Alilia barabarani, ameuma pindo la kitenge, Uwamahoro akimshika mkono bila kujua afanye nini.

Ganza alipokufa, yeye Iribagiza ndiye aliyemnyooshea kidole wifi yake Umutesi mbele ya waombolezaji: "Ni weye ulimuharibu mwanangu uso, sasa umemumaliza!" Umutesi alifukuzwa kabla ya mazishi. Akahamia kijiji cha Lubarika, akalima mpunga peke yake.

Wiki iliyofuata Iribagiza alikwenda huko na mtoto. Alimkuta wifi yake akianika mihogo. Akapiga magoti, akasema yote aliyoambiwa na daktari.

Umutesi alimwinua. Akamshika Uwamahoro kidevu, akautazama uso ule kwa muda mrefu.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini Ganza nilimbeba mgongoni, Iribagiza. Mulinikataza hata kumutupia udongo kaburini."

Iribagiza alimwomba arudi nyumbani. Umutesi aliwapa maji ya kunywa, akawapikia, na jua lilipopoa akawasindikiza hadi barabarani. Hakuahidi kwamba atarudi Uvira.